Wamarekani wanapelekana mahakamani kwa ajili ya twiga, sisi wa Idodi na Pawaga inatuhusu nini?

Swali limetoka kwa kijana wa Tungamalenga, njia ya kuingilia Hifadhi ya Taifa Ruaha. Lilikuwa refu, nimelifupisha:

"Kamwene wakili, shikamoo. Nimeona mtandaoni kuna mashirika Marekani yameishtaki serikali yao ili twiga aingizwe kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mimi natembeza watalii, nauliza, twiga ni mnyama wetu wa taifa, mahakama ya Marekani inaingiaje hapo? Itatukosesha hela au itatusaidia? Na sisi wananchi wa kawaida tunaweza kufungua kesi ya kumlinda mnyama hapa kwetu au mpaka uwe shirika kubwa? La mwisho, kuna babu jirani ana usinga wa mkia wa twiga, aliurithi kwa baba yake, hana mpango wa kuuza, je ana kosa?"

Marahaba mdogo wangu, kamwene. Naanza na la babu maana hilo peke yake ndo linaweza kumpeleka mtu jela kabla hujamaliza kusoma haya mengine.

Ndio, ana kosa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kifungu cha 86 inakataza kukutwa na nyara za serikali bila kibali, na watu wengi wanadhani nyara ni pembe za ndovu tu, hapana, ni sehemu yoyote ya mnyama, nyama, ngozi, mfupa, mkia, mpaka zile nywele za mkia wanazosukia bangili za kuwauzia wazungu. Na wewe uliyekutwa nayo ndo unayetakiwa uonyeshe umeipata kihalali, "nilirithi" bila karatasi haikubebi. Kibaya zaidi shtaka hili linasomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, kwa hiyo mzee wa watu anajikuta kwenye kesi ya uhujumu uchumi, kifungo kinaanzia miaka 20 kwenda 30, na thamani haihesabiwi kwa ule mkia, inahesabiwa kwa mnyama, na twiga mmoja kwenye hati za uthamini zinazopelekwa mahakamani huwa anaandikwa dola 15,000. Usinga wa kufukuzia nzi!

Asiutembeze, asiuuze, asiuchome moto usiku akidhani amemaliza. Aongee kwanza na wakili, au kama hela hamna atafute msaidizi wa kisheria, wapo wilayani na huduma yao ni bure, kisha waongozane kuusalimisha ofisi ya wanyamapori na wadai maandishi kwamba umesalimishwa. Kusalimisha na kukutwa ni vitu viwili tofauti kabisa ila kinachovitofautisha ni hiyo karatasi. Najua kuna watu watakuambia kesi za nyara zinavunjika kwenye rufaa, na ni kweli zipo zilizovunjika, Mahakama ya Rufani imeshawaachia watu kwa sababu nyama iliteketezwa bila mshtakiwa kupelekwa mbele ya hakimu kusikilizwa, lakini hao walikaa ndani miaka mpaka rufaa ikasikilizwa, na usinga hauozi kama nyama kwa hiyo kichaka hicho babu hana.

Haya, Marekani.

Wana sheria yao ya viumbe walio hatarini kutoweka, ya mwaka 1973, ilisainiwa na Rais Nixon mwishoni mwa Desemba. Ukali wake uko sehemu mbili. Kwanza mtu yeyote, raia tu, anaweza kuandika ombi serikalini kwamba kiumbe fulani kiingizwe kwenye orodha, hata kama kiumbe chenyewe hakijawahi kukanyaga Marekani, na ombi likishapokelewa muda unaanza kukimbia, ndani ya siku 90 serikali iseme kama ombi lina uzito, ndani ya miezi 12 iseme inaingiza au haiingizi, na inatakiwa iamue kwa kuangalia sayansi tu, sio biashara inasemaje. Pili, serikali ikichelewa unaishtaki. Hapa ndo zinapozaliwa hizo kesi unazoziona. Jaji haamui kama twiga yuko hatarini au hayuko, anaamua kwamba serikali umepitisha muda na tarehe ya kujibu ni hii. Ni kesi za kalenda, kwa kweli, na mashirika ya kule yamezijua kweli kweli.

Kwa twiga ilikwenda hivi. Aprili 2017 mashirika matano yalipeleka ombi. Kimya. Desemba 2018 yakashtaki. Aprili 2019 serikali ikasema haya, ombi lina uzito, tutachunguza, kisha kimya tena, 2021 yakashtaki mara ya pili, wakaelewana tarehe, na Novemba 2024 ndo likatoka pendekezo rasmi. Yaani jambo ambalo sheria inasema mwaka mmoja limechukua saba na ushee, na hilo ni pendekezo tu, baada yake kuna maoni ya wananchi halafu uamuzi wa mwisho ambao nao sheria inaupa mwaka. Kwa hiyo ukiona mtu anaposti "twiga amelindwa Marekani" uliza ni hatua ipi.

Pendekezo lenyewe limewagawa twiga. Wale wa kaskazini, wa Afrika Magharibi, Kordofan na Nubia, wamependekezwa kuwa hatarini kutoweka. Wa kwetu, yule anayeitwa twiga wa Kimasai ambaye ndo huyo unayewaonyesha wageni hapo Ruaha, amependekezwa ngazi ya chini yake, anayetishiwa, pamoja na yule wa kaskazini mwa Kenya mwenye michoro kama nyavu. Wa kusini kabisa mwa Afrika hawako kwenye hali mbaya ila nao wamependekezwa kuingizwa kwa sababu wanafanana, ofisa wa forodha akishikilia kipande cha ngozi hawezi kujua ni cha Angola au cha Iringa.

Sababu ya kumwonea huruma ipo, usidhani wanabuni. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilisema 2016 kwamba twiga Afrika nzima wamepungua karibu asilimia 40 ndani ya miaka thelathini, wakabaki kama 97,500. Na 2019 likamweka twiga wa Kimasai kwenye kundi la walio hatarini kutoweka kwa sababu wamepungua karibu nusu, kutoka kama 71,000 mpaka kama 35,000. Huyo ni wa kwetu na Kenya, tusilaumu kwingine.

Sasa swali lako, Marekani inaingiaje. Inaingia kwa mlango wa kwake. Ni sawa na jirani kuweka kufuli getini kwake na kusema humu haiingii nyama ya wizi, hajakugusa wewe, lakini kama ulikuwa unamuuzia utaisikia. Kati ya 2006 na 2015 Marekani waliingiza vinyago vya mifupa ya twiga 21,402, vipande vya ngozi 3,008, na nyara za uwindaji 3,744, hizo za mwisho ukigawanya ni zaidi ya twiga mmoja kila siku kwa miaka kumi. Mashirika yalishika hapo, kwamba nyie ndo soko, fungeni soko.

Lakini hizo nyara hazikutoka Ruaha. Twiga kwa Tanzania hawindwi kwa leseni, mwenye kitalu cha uwindaji hana kibali cha twiga hata awe na hela kiasi gani. Nyara hizo zinatoka nchi za kusini, Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe, ambako uwindaji wa twiga ni halali na ni biashara. Kwa hiyo kwa kipato chako wewe wa kutembeza watalii wa picha jibu ni kwamba haikupunguzii kitu, mgeni wa Marekani akija kupiga picha hakuna fomu atakayoulizwa. Atakayeguswa labda ni anayeuza bangili za nywele za twiga na huyo kama tulivyoona kwa babu alikuwa matatizoni tayari hapa hapa nyumbani.

Ningekujibu tofauti kama ungeuliza simba au tembo. Simba ombi lilipelekwa 2011, uamuzi ukatoka Desemba 2015, simba wa mashariki na kusini mwa Afrika akawekwa ngazi ya anayetishiwa, na toka hapo Mmarekani anayetaka kurudi na ngozi ya simba lazima ionekane kwamba uwindaji ule unasaidia kumhifadhi simba, sio kumwondoa. Tembo ndo usiseme, Aprili 2014 walisimamisha kuingiza nyara za tembo kutoka Tanzania, na kwa kuwa wawindaji wengi wa kitalii ni Wamarekani ile ilipiga vitalu moja kwa moja, vingine vikarudishwa serikalini, na jumuiya za wanyamapori za vijiji zilizokuwa zinategemea mgao wa uwindaji zikayumba. Mkikaa MBOMIPA, jumuiya yenu ya wanyamapori ya vijiji vya Idodi na Pawaga, mkapiga hesabu za mapato mtu akawaambia maamuzi ya Marekani hayatuhusu, mkumbushe 2014. Halafu kitalu kikiachwa wazi hamna doria, na pasipo doria anaingia mwingine. Hilo mashirika ya kule huwa hayapendi kulisikia, na wawindaji nao wanalikuza kuliko lilivyo, mimi nakuambia lipo na lina ukubwa wake.

Nje ya mlango wake ile sheria inaishiwa nguvu. Ndani ya Marekani inaweza kuzuia barabara, inaweza kuzuia bwawa, inatenga ardhi ambayo kiumbe anaihitaji. Kwa kiumbe wa nje haitengi hata eka moja. Waliwahi kujaribu kuivusha bahari, kuna kesi ya 1992 ilifika Mahakama yao ya Juu, wanaharakati walitaka serikali yao ibanwe na sheria hiyo kwenye miradi ya nje inayoigharamia, walitaja Aswan kule Misri na Mahaweli Sri Lanka, wakaleta ushahidi wa wanawake wawili waliowahi kwenda huko, mmoja mambo ya mamba wa Nile mwingine tembo na chui, wakasema wana nia ya kurudi kuwaona wale wanyama. Mahakama ikauliza lini? Hawakuwa na tarehe wala tiketi. "Siku moja tutarudi" haikutosha kuwapa haki ya kushtaki, kesi ikaishia hapo. Mimi huwa nacheka kila nikiifikiria hiyo kesi ila wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo.

Na CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea, ni hivyo hivyo. Agosti 2019 Geneva twiga aliingizwa Kiambatisho cha Pili, maana yake biashara ya kuvuka mpaka inaruhusiwa ila kwa vibali. Kenya ilikuwa upande wa waliopendekeza, Tanzania tukapinga, ujumbe wetu ukasema hali ya twiga hapa sio mbaya hivyo. Tulishindwa kura. Kwa twiga wa Ruaha kura ile ilibadilisha kidogo sana, maana anayemuua hana mpango wa kuvuka mpaka wowote, anaweka mtego wa waya, anauza nyama Pawaga au Iringa mjini kimya kimya, na zipo imani za ovyo kwamba ubongo na uboho wa twiga unatibu UKIMWI.

Ndo maana mtu akiniletea sheria yoyote ya mnyama, iwe ya Washington, Geneva au Dodoma, nauliza kitu kimoja tu, inamshika nani na inamshikia wapi. Sheria ya Marekani inamshika mnunuzi, pale anaposhuka kwenye ndege. CITES inamshika msafirishaji mpakani. Kifungu cha 86 kinamshika aliyekutwa na kitu mkononi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoshika ardhi na maji, na mnyama mwingi wa nyanda zetu hizi anakufa kwa ardhi na maji.

Chukua Kihansi, sio mbali na kwetu, maji yake yanashuka kutoka milima ya Mufindi na Kilolo kwenda bonde la Kilombero. Pale korongoni kuna chura mdogo wa rangi ya njano, anaingia kwenye ukucha wa kidole gumba akiwa mtoto, hatagi mayai anazaa kabisa, na aliishi sehemu moja tu duniani, kwenye majani yanayoloweshwa na rasharasha za maporomoko, eneo la kama hekta mbili. Wanasayansi walimwona 1996 mradi wa umeme wa Kihansi ukiwa umeshaanza kujengwa. Kinachoniuma kama mwanasheria ni hiki, ukoo mzima wa vyura hao ulishakuwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES toka 1975, ulinzi wa juu kabisa, na kwenye orodha ya Marekani toka 1976. Yaani chura alilindwa na sheria mbili kubwa za dunia miaka ishirini kabla hajajulikana kama yupo! Mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo, megawati 180, maporomoko yakabaki na kama sehemu moja ya kumi ya maji yake. Wakafunga mabomba ya kurusha rasharasha za bandia, ikasaidia kidogo, 2003 wakaporomoka, ugonjwa wa fangasi ukiwemo, na 2009 IUCN ikatangaza wametoweka porini. Sheria zile mbili hazikuvunjwa hata nukta. Hakuna aliyemuuza chura, kilichochukuliwa ni maji.

Bahati ni kwamba mwishoni mwa 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa zuu ya Bronx, New York, wakazalishwa huko na kwenye zuu ya Toledo, 2010 wakaanza kurudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao. Na kwenye kibali cha maji cha TANESCO likawekwa sharti la maji kiasi fulani yaachwe yapite kwenye maporomoko. Ukiniuliza ni karatasi ipi iliyomsaidia chura kisheria nitakuambia ni hilo sharti la kibali cha maji, kitu ambacho hakuna mtu ataposti mtandaoni.

Wamarekani wenyewe walikuwa na Kihansi yao. Mto mmoja Tennessee, samaki mdogo wa kidole, bwawa la Tellico limekaribia kuisha na zaidi ya dola milioni mia zimeshatumika, kesi ikafika Mahakama ya Juu 1978 na mahakama ikasimamisha bwawa, kwa samaki, kwa sababu kule ndani sheria yao inashika ardhi na maji. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha kipengele cha kuliruhusu bwawa hilo liendelee. Samaki alipona kwa kuhamishiwa mito mingine na 2022 akatolewa kwenye orodha. Kwa hiyo hata penye sheria kali siasa ina neno la mwisho, tusijione sisi ndo tuna serikali ngumu peke yetu.

Upande wa pili nina mfano unaonipa moyo, na mimi ni mtu wa Tukuyu kwa hiyo nivumilie. Kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua siku zote, wanasayansi wakamwona mlima Rungwe 2003, 2005 wakamtangaza dunia nzima na 2006 wakampa jenasi yake mwenyewe. Nyani huyu yupo sehemu mbili tu duniani, msitu wa Rungwe na Livingstone unaoungana na Kitulo, na Ndundulu kule Udzungwa. Sensa ya kwanza ilipata kama 1,117, IUCN ikamweka kwenye hali mbaya kabisa ya hatari mwaka 2008. Kilichofuata hakikuwa kesi. Kitulo ilikuwa imeshatangazwa hifadhi ya taifa 2005, ile ya maua, Rungwe ikapandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia 2009 kwa Sheria ya Misitu, doria zikaanza, mkaa na magogo vikabanwa, miti ikapandwa. Sensa iliyofuata miaka kumi na kitu baadaye ikakuta wameongezeka kwa zaidi ya nusu, na IUCN ikamshusha ngazi moja ya hatari. Kuna GN (matangazo ya serikali) mbili tatu za mipaka pale na watu wa doria wenye buti zilizochakaa, basi.

Ila sitaki uende kijijini ukasema wakili kasema tangazeni hifadhi kila mahali, watanitafuta. Sheria inayoshika ardhi inashika na watu waliomo. Waulize Mbarali kuhusu Tangazo la Serikali Namba 28 la 2008 lililoingiza Ihefu na sehemu ya Usangu ndani ya Ruaha, hakuna mkulima wa mpunga kule asiyeijua GN 28 kwa jina, watu waliishi na hofu ya kuondolewa miaka kumi na tano mpaka mipaka ikarekebishwa 2023. Na lengo la lile tangazo lilikuwa na mantiki, Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi miaka ya tisini, viboko wanakufa kwenye tope, lazima mtu afanye kitu. Lakini kuchora mstari ukiwa ofisini juu ya mashamba ya watu ni kujitafutia kesi, na kesi zilikuja.

Sasa mwananchi anaweza kushtaki? Anaweza, sio lazima uwe shirika. Katiba ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 4 inakupa haki ya mazingira safi na salama, na cha 5 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuzuia kitendo kinachotishia haki hiyo. Hicho cha 5 ndo silaha yako na kinatumika kidogo mno. Ukitaka kwenda kwa njia ya kikatiba imekuwa ngumu zaidi, toka mabadiliko ya 2020 lazima uape na uonyeshe wewe binafsi umeathirika vipi, huwezi kwenda kwa niaba ya twiga tu. Kwako wewe sio ngumu sana, unaishi kwa kuonyesha wanyama, una risiti, una leseni, athari yako inaonekana. Yule wa Dar asiyefika Ruaha ndo atapata shida kama wale wanawake wawili wa kesi ya 1992.

Kuna na Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. Mwaka 2010 shirika moja la ustawi wa wanyama la Nairobi liliishtaki Tanzania huko kuhusu barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, Juni 2014 mahakama ikasema kujenga barabara ya namna ile ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Mkazi yeyote wa nchi wanachama anaweza kufungua, na huhitaji kumaliza mahakama za nyumbani kwanza. Lakini sikiliza vizuri hapa maana wengi wanakwama. Arusha unapewa miezi miwili tu toka kitendo kitokee au toka ukijue, ikipita wanaitupa. Wakati huo huo kuishtaki serikali kwenye mahakama za kawaida hapa unatakiwa kwanza utoe notisi ya siku 90. Ona mtego, ukiwa muungwana ukatoa notisi ukasubiri iishe ndo upande basi la Arusha, mlango ulishafungwa mwezi mzima. Amua mapema unakwenda wapi, na uweke tarehe uliyolijua jambo kwa maandishi, hata barua ya kijiji yenye mhuri.

Kwa mimi kesi ningeiweka mwisho. Twiga wako tatizo lake kubwa naliona ni mashamba yanayofunga njia anazopita kutoka hifadhini kuja ardhi za vijiji, na mitego ya waya. Kwa mashamba sheria mnayo wenyewe, kijiji kinatakiwa kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi chini ya sheria ya 2007, na zipo kanuni za shoroba za wanyamapori za 2018. Njia ya wanyama ikichorwa kwenye mpango na mkutano mkuu wa kijiji ukaupitisha, halafu halmashauri ya kijiji ikatunga sheria ndogo na wilaya ikaibariki, mtu anayefyeka pale anavunja sheria ya kijiji chake, sio ya Marekani wala ya Geneva. Tena hapo mnaochora ni nyie, GN 28 haiwezi kuwakuta mmelala.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu. Nenda kwa mtendaji uombe kuona mpango wa ardhi wa kijiji na ramani yake, ni nyaraka ya umma asikuzungushe. Nyie waongoza watalii ndo mnaojua twiga wanapita wapi Agosti na wapi Februari kuliko ofisa yeyote wa ardhi, kaeni watatu wanne mlinganishe na ramani, msipoiona njia yao pale andikeni barua ya kuomba ajenda kabla mkutano haujaitishwa, na nakala mpeleke MBOMIPA. Ukishapata majibu ya mtendaji, yawe ndio au hapana, niandikie tena uniambie amesemaje.